Nafasi ya Wimbo katika Kufufuka kwa Studio ya Vibonzo: Mfano wa Walt Disney

Utangulizi

Filamu ya vibonzo inapohakikiwa, mjadala aghalabu huanzia kwenye michoro na mitambo. Makala haya yanashikilia kuwa uhai wa sanaa hiyo umo katika hadithi, hususan wimbo uliofumwa ndani ya hadithi. Mfano uliochaguliwa ni studio ya Walt Disney ya Marekani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ana la kujifunza hapa, kwani kilichoiinua studio hiyo ni kaida ambayo mtambaji wa ngano ameijua tangu jadi.

Kufifia kwa Studio

Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1923 na kupata sifa kuu mwaka 1937 kwa filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs. Walt Disney alifariki mwaka 1966, na ubunifu ukapungua polepole. Mwaka 1979 mchoraji Don Bluth aliondoka pamoja na kundi la wenzake. Mwaka 1985 ikatolewa The Black Cauldron, iliyogharimu takriban dola milioni 44 na kuingiza milioni 21 hivi nchini humo. Wachoraji walihamishwa kutoka jengo lao la Burbank hadi maghala ya Glendale, na wengi wakahofia kuwa idara yao ingefungwa.

Filamu hiyo ilichorwa kwa ustadi, lakini haikuwa na wimbo hata mmoja. Si kwamba upungufu huo pekee ndio ulioiangusha. Hata hivyo, hadhira ilikosa mlango wa kuingilia moyoni mwa mhusika mkuu.

Kufufuka kwa Studio

Mlango huo ulifunguliwa na Howard Ashman, mshairi wa nyimbo za jukwaani kutoka New York, akishirikiana na Alan Menken, mtunzi wa muziki. Katika The Little Mermaid (1989), nguva Ariel anaimba mapema juu ya shauku yake ya kuishi nchi kavu. Filamu ilipojaribiwa, watoto walionekana kuchoka wakati wa wimbo huo, na mkuu wa studio, Jeffrey Katzenberg, akataka uondolewe. Ashman alikataa katakata. Hoja yake ina mashiko: bila wimbo huo, nguva anayemuuzia mchawi sauti yake angeonekana mpumbavu tu.

Ndivyo ilivyo katika ngano ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi. Msichana huimba, na wazazi wake humtambua kwa sauti. Ukiuondoa wimbo, hadithi imekatika.

Beauty and the Beast (1991) ikawa filamu ya kwanza ya vibonzo kuteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya filamu bora. Ashman hakuishuhudia ikitolewa. Alifariki Machi 1991 kutokana na UKIMWI.

Wengine waliiendeleza mbinu hiyo katika The Lion King (1994), yenye majina ya majazi ya Kiswahili: Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Wimbo wa "Hakuna matata" unapoimbwa, Simba hukua kutoka mtoto hadi simba kamili. Miaka hupita ndani ya beti chache. Isitoshe, wimbo huo ni falsafa ya kuukimbia wajibu, na Simba hana budi kuiacha ili arejee kwao. Kwa hivyo, msemo ambao watalii huuchukua kuwa salamu ya raha ndio kiini cha mgogoro.

Studio ilidorora tena miaka ya 2000 na kuinuka upya. Katika Frozen (2013), Elsa alikusudiwa kuwa mhusika mwovu, lakini wimbo wake mkuu ulipotungwa, ulimfanya astahili huruma, na watunzi wakalazimika kuiandika hadithi upya.

Hitimisho

Imebainika kuwa studio hii iliinuka pale wimbo ulipopewa kazi ya kuisukuma hadithi mbele. Darasani, wimbo wa ngano huorodheshwa mara nyingi miongoni mwa vipengele vya fani, kana kwamba ni pambo. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: wimbo ukiondolewa, ngano itasimama? Mkusanyaji anayeinukuu ngano na kuuacha wimbo, kwa kudhani ni wa kuburudisha tu, huenda ameuacha uhai wake.