Tumaini Lisilosubiri Jina la Tatizo
Kwa mzazi anayehisi kuwa mtoto wake ana usonji

Mtoto wa miaka miwili haitiki akiitwa jina, hanyooshi kidole kumwonyesha mwenzake kitu, hachezi na wengine, na pengine hata maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Mzazi anayeyaona haya ana shaka ila hana jibu, na wengi hudhani kwamba tumaini litakuja siku daktari atakapokana usonji au atakapotaja dawa ya kuuponya. Kijitabu hiki kina hoja nyingine. Usonji hauna dawa ya kuuponya, lakini mtoto mwenye dalili hizi hujifunza akifundishwa kwa njia inayomfaa, na mzazi anaweza kuianza njia hiyo kabla tatizo halijapewa jina. Hapo ndipo tumaini la kweli lilipo.

Si kosa lako

Lawama hula nguvu ambazo mtoto anazihitaji. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Jirani atasema ni laana au mapepo, lakini hata madaktari waliwahi kukosea: katikati ya karne iliyopita baadhi yao huko Marekani na Ulaya walidai kuwa chanzo ni mama asiyempenda mwanawe. Dai hilo lilidhoofika utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza ulipoonyesha mwaka 1977 kwamba urithi una nafasi kubwa. Dai kwamba chanjo ya surua husababisha usonji nalo lilitokana na ripoti ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Denmark ilipofuatilia watoto zaidi ya 650,000 na kutoa matokeo mwaka 2019, waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kwa hiyo mama asijilaumu, baba asimlaumu mama, na kadi ya kliniki iendelee kujazwa, kwa sababu surua huua.

Ushahidi kwamba mtoto husonga mbele

Watafiti wa Marekani waliangalia watoto 535 wenye usonji ambao walipofika miaka minne walikuwa hawajaweza kuunganisha maneno. Mwaka 2013 walieleza kwamba kufikia miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno, na asilimia 47 walizungumza kwa ufasaha. Kwa hiyo ukimya wa mtoto wa miaka mitatu hautoshi kumhukumu maisha yake yote.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ya Marekani, penye wataalamu tele, na sisi kijijini hatuna hata mmoja. Hoja hiyo ina uzito, maana wataalamu wa lugha na makuzi ya watoto ni wachache na wengi wako mijini. Lakini jaribio lililofanyika Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65, liliwatumia wahudumu wa afya wasio mabingwa kuwafundisha wazazi namna ya kucheza na kuwasiliana na watoto wao. Matokeo yake ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba wazazi waliojifunza waliitikia ishara za watoto wao vizuri zaidi, na watoto wakawa wepesi zaidi kuanzisha mawasiliano. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yaliyotungwa makusudi yaweze kutolewa na watu wasio mabingwa. Mtu wa kwanza kumfundisha mtoto huyu ni yule anayemlisha na kumwogesha.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa. Kaa chini usawa wa macho yake, fuata anachokipenda, kitaje kwa maneno machache, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu hata kwa ishara. Akikuvuta mkono kuelekea kikombe, sema “maji”, halafu mpe. Wakati wa kuvaa au kuoga, fuata mpangilio uleule kila siku ili ajue kinachofuata. Wengine huogopa kwamba mtoto akizoea picha au ishara atakuwa mvivu wa kusema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuona hivyo: njia hizo hazikuzuia usemi, na baadhi ya watoto walisema zaidi.

“Subiri, wavulana huchelewa kusema”

Ni kweli kwamba wapo watoto wanaochelewa kusema kisha huwafikia wenzao. Lakini pima gharama ya kila uamuzi. Ukianza kucheza naye na kumpeleka kliniki, kisha ikabainika hana tatizo, hujapoteza kitu. Ukisubiri naye anahitaji msaada, umepoteza miezi ambayo angekuwa anajifunza. Anzia kliniki ya mama na mtoto, omba masikio yake yapimwe, maana mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki, kisha uulize kuhusu rufaa. Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, vinavyowasaidia wazazi kujua mahitaji ya mtoto na shule inayomfaa. Wanaohofia kuwa jina la usonji litamletea aibu wakumbuke kwamba dalili huonekana hata bila jina, na jina likithibitishwa humsaidia mwalimu na daktari kumwelewa.

Na asiposema kabisa?

Katika utafiti ule wa Marekani, watoto 30 kati ya kila 100 hawakufikia hatua ya kuunganisha maneno. Kumficha mzazi jambo hilo ni kumwacha mikononi mwa wauzaji wa miujiza. Anayeahidi kuufuta usonji kwa majani, maombi ya kulipia au dawa ya siri, au, kama mtoto ana kifafa pia, anayekutaka uache dawa za kifafa ulizopewa hospitali, muepuke. Lakini mtoto asiyesema anaweza kujifunza kuonyesha panapomuuma, kuchagua chakula, kuvaa nguo na kukaa na wenzake, na kila moja kati ya haya humwongezea usalama na heshima. Nawe pia pumzika: baba, bibi na ndugu wajifunze kumhudumia, kazi isimwangukie mtu mmoja.

Wiki hii andika katika daftari mambo matano ambayo mtoto anaweza kuyafanya na jambo moja unalotaka ajifunze, kisha uende nalo kliniki ili mhudumu ajue pa kuanzia. Baada ya miezi mitatu lifungue tena, ulinganishe. Hapo utamlinganisha mtoto na alivyokuwa mwenyewe, si na mtoto wa jirani.