KUMPA MTOTO DAWA NYUMBANI: JINA, KIPIMO NA SAA



Somo hili ni kwa kila mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Dawa inayoponya huweza pia kudhuru ikitolewa vibaya. Mambo matatu humlinda mtoto: kujua jina la dawa, kupima sawasawa, na kufuata saa.

Kwa nini tunalisema hili mpakani? Kuanzia Januari 2008, maelfu ya Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walivuka Busia na Malaba. Wengi walipokelewa katika kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Familia ikihama, dawa nazo huhama. Mama hujikuta ana chupa ya dawa kutoka Kenya, vidonge vya duka la Busia ya Uganda, na dawa nyingine aliyopewa kituo cha afya. Hapo ndipo makosa huanza.

1. JUA JINA LA DAWA

Dawa moja huwa na majina mengi. Panadol na Calpol ni dawa moja: parasetamoli, ya kupunguza homa na maumivu. Vilevile, dawa ya malaria ambayo wengi Uganda huiita Coartem, upande wa Kenya huitwa AL. Ni mseto wa artemether na lumefantrine, ambao nchi zote mbili ziliuchagua mwaka 2004.

Tuseme mtoto amepewa Calpol asubuhi, na jirani akampa kipande cha Panadol saa moja baadaye. Huyo amepewa dawa ileile mara mbili. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto huweza kuonekana mzima. Kwa hiyo:

- Uendapo kituoni, beba dawa zote ulizo nazo, hata chupa tupu.
- Uliza: "Hii ni dawa gani? Ni ya nini? Nimpe kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi?"
- Usimpe mtoto aspirini.

2. PIMA SAWASAWA

Dozi ya mtoto hufuata uzito wake. Usikisie kwa kumtazama, wala usigawe dozi ya kaka yake.

Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kijiko, kikombe kidogo au bomba la plastiki (lisilo na sindano) lililokuja na dawa hiyo. Soma pia nguvu ya dawa kwenye chupa. Kuna parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Kuna pia ya matone yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Ukimpa mililita 5 za hiyo ya matone, umempa miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza miaka 3 huhitaji robo tu ya kidonge hicho. Acha saa 6 kabla ya kurudia, na usizidishe mara 4 kwa siku.

Kidonge kiponde, ukichanganye na maji safi kidogo au maziwa ya mama. Mkalishe mtoto, umpe polepole pembeni mwa kinywa. Usimlaze chali wala kumbana pua, kwani dawa itaingia mapafuni.

3. MALARIA: FUATA SAA, MALIZA DOZI

Kwanza mtoto apimwe damu, kwa maana si kila homa ni malaria. Akikutwa nayo na akapewa AL, dozi ni mara 6 katika siku 3:

- Siku ya 1: mara moja, kisha baada ya saa 8.
- Siku ya 2 na ya 3: asubuhi na jioni.

Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa vidonge 2. Aliye chini ya kilo 5 aamuliwe na mhudumu wa afya.

Mpe pamoja na chakula, uji wenye maziwa, au anyonye. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi hiyo, kisha uende kituoni kuomba nyingine ya kufidia.

Siku ya pili homa hushuka na mtoto hucheza. Wengi huacha hapo na kuficha vidonge kwa safari ijayo. Usifanye hivyo! Vijidudu vilivyobaki humrudishia ugonjwa.

4. KUHARA

Soma pakiti ya ORS: zipo za lita moja na za nusu lita. Pima maji safi ya kunywa kwa chupa unayoijua ujazo wake. Usiongeze sukari wala chumvi. Mpe kidogo kidogo kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Akipewa zinki, aimalize hata kama kuhara kumekoma.

5. WEKA MBALI

Dawa ikae juu, mahali pakavu, ndani ya pakiti yake. Usiite dawa "peremende". Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke kituoni mara moja.

6. USINGOJE

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa mtoto:

- hawezi kunyonya au kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege (usimtie chochote kinywani);
- amelegea sana au haamki;
- anapumua kwa shida;
- ana homa na hajatimiza miezi 2;
- amepewa dawa kupita kiasi, hata kama anaonekana mzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani mwako kuna dawa gani? Unajua kila moja ni ya nini?
2. Mtoto alipewa dozi ya kwanza ya AL saa 2 asubuhi. Ya pili apewe saa ngapi? (Jibu: saa 10 jioni.)
3. Nani humpa mtoto dawa ukiwa sokoni au shambani? Umemwonyesha kipimo?