Kipakatalishi cha Kubeba Kila Siku: Pima Mkoba, Si Mashine Pekee

Viazi vikishauzwa au mkopo wa chama ukitoka, kuna kijana anayepanga kununua kipakatalishi, au laptopu kama wengi wetu tunavyokiita, ili afanye kazi za mtandaoni. Mwalimu naye anakitaka cha kuandalia masomo na kuingizia alama za wanafunzi kwenye mfumo wa KNEC. Hizo ni fedha za msimu mzima. Akichagua mashine nzito mno, baada ya wiki chache itabaki nyumbani. Akichagua ndogo mno, ataibeba kila siku lakini kazi itamshinda. Somo la toleo hili linahusu namna ya kupata iliyo katikati.

Tuanze na uzito. Ukubwa wa skrini hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Mashine ya inchi 15.6 huwa na uzito wa karibu kilo 1.7 hadi 2.3. Ya inchi 14 huwa karibu kilo 1.3 hadi 1.6. Tofauti hiyo huonekana ndogo ukiwa dukani. Lakini mkoba haubebi mashine peke yake: kuna chaja ya gramu 300 hadi 500, daftari, mwavuli, na chupa ya lita moja ya maji, ambayo ni kilo nzima. Wakazi wa Molo tunajua vizuri mabishano ya mizani na magunia ya viazi, kwa hivyo hili halitatushangaza. Jaza mkoba wako wa kawaida, uupeleke kwenye mizani ya duka la karibu, kisha ujumlishe uzito wa mashine unayoitaka. Anayetoka Turi au Elburgon kwa matatu, mkoba ukiwa mapajani, kisha anatembea hadi kazini, ataihisi kila nusu kilo.

Hata hivyo, wepesi una gharama yake. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ya skrini ya inchi 7 yenye uzito usiofika kilo moja. Ilipendwa sana, lakini vitufe vyake vilikuwa vidogo na vidole viligongana. Miaka michache baadaye mashine za aina hiyo zilitoweka sokoni. Kwa hivyo usinunue kabla hujakaa nayo dukani walau dakika kumi. Andika ukurasa mzima wa barua. Fungua jedwali la hesabu uone ni safu ngapi zinazosomeka bila kukunja uso. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la pili.

Kwa maoni yangu, anayebeba mashine kila siku na kuandika sana atafaa na ya inchi 14. Mhasibu wa chama anaweza kuhitaji ya inchi 15.6, kwa kuwa nyingi za ukubwa huo zina vitufe vya tarakimu upande wa kulia. Naye anayekaa kwenye meza moja kutwa nzima anaweza kununua ndogo, kisha akaacha kibodi, kipanya na chaja ya pili ofisini.

Betri ndiyo sehemu inayowaumiza wengi, hasa katika mashine zilizotumika ambazo madukani huitwa eksi-yukei. Mashine nyepesi isiyoweza kukaa bila chaja si nyepesi tena. Hesabu yake ni rahisi: betri ya wati-saa 45, katika mashine inayotumia wati 10, hudumu saa nne na nusu. Ikichakaa hadi nusu, unabaki na saa mbili na robo, na umeme unaweza kukatika kabla hujatuma kazi ya mteja. Kwenye mashine ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu, weka bei ya betri mpya katika bajeti yako, au uiache mashine hiyo.

Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua na baridi yake mnaijua. Funga mashine ndani ya mfuko wa plastiki mzito kabla ya kuitia mkobani. Ukiingia kwenye chumba chenye joto kutoka kwenye baridi kali, iache ikauke unyevu kwa muda kabla ya kuiwasha. Kwa anayepanda bodaboda, chagua diski ya SSD. Ile ya zamani yenye sahani inayozunguka huharibika kwa mitikisiko.

Uliza pia umri wa mashine. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Bei ya chini huenda inatokana na hilo.

Mwisho, kinachobebwa kila siku hupotea kwa urahisi. Mwalimu au karani mwenye majina na nambari za vitambulisho vya watu aweke nywila na kufunga diski kwa msimbo, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu pia taarifa zilizomo katika mashine iliyoibwa. Dai risiti yenye nambari ya usajili ya mashine na muda wa dhamana. Risiti ikae nyumbani, si mkobani.