Hofu ya Yusufu

JUMATANO

Soma Mathayo 2:13–23. Ni habari gani iliyomfanya Yusufu abadili safari yake, na Mungu aliipokeaje hofu yake?

Tunapolisoma fungu hili, mara nyingi tunaishia kwenye kukimbilia Misri. Safari ya kurudi hatuiangalii sana. Malaika alimletea Yusufu habari njema: waliomtafuta mtoto wamekufa, basi warudi kwao. Akatii. Lakini akasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa Herode, baba yake. Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mtu mwingine, ila nyumba ni ile ile. Yusufu akaogopa. Angalia jambo ambalo Mungu hakulifanya: hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwonya katika ndoto, naye akaipeleka familia Galilaya, wakakaa Nazareti.

Warundi waliokimbilia Tanzania wangelielewa fungu hili bila mwalimu. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mahali pa kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima huko zaidi ya miaka 30. Baadhi yao waliporudi Burundi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, watu waliokwisha kuzaa na kuzika hapo. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na watu zaidi ya 30,000 wakarudi Burundi, wengi wao bila kupenda. Machafuko yalipotokea mwaka 2015, maelfu wakavuka mpaka tena, na miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa wakimbizi. Wengi walipokewa Nyarugusu, wilaya ile ile ya Kasulu.

Nchi mwenyeji hubeba mzigo mzito, na si haki kuudharau. Tena wako wakimbizi wanaotamani sana kurudi. Hao wasaidiwe kwa furaha. Lakini ni rahisi kusema “kwenu kumetulia” ukiwa si wewe utakayelala huko.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Mtumwa aliyetoroka hakupaswa kurudishwa kwa bwana wake, na mahali pa kukaa alipachagua mwenyewe. Ni nani aliyepewa uamuzi hapa?

Mshiriki wa kanisa lenu aliyeishi ukimbizini miaka mingi anawaambia kwamba anahimizwa arudi kwao, naye anaogopa. Mtamwuliza nini kabla ya kumshauri?