Orodha ya Maneno ya Mhadhara: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Usimpe mwanafunzi anayejiandaa kusikiliza mihadhara ya Kiingereza orodha iliyochotwa vitabuni. Ile ya mtafiti Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia za maneno 570 (neno pamoja na maumbo yake), ni kazi ya kuheshimiwa, ila imetoka kwenye maandishi. Katika maandishi ya kitaaluma inagusa takriban asilimia 10 ya maneno yote; katika mihadhara na semina haifiki hata asilimia 5. Ataikariri yote, na bado mhadhiri atamwacha njiani.

Anza na rekodi. Chuo Kikuu cha Michigan kilikusanya mazungumzo ya chuoni yenye maneno karibu milioni 1.8. Warwick na Reading, Uingereza, walirekodi mihadhara 160 na semina karibu 40. Pitia manukuu ya rekodi hizo kabla hujaandika neno lolote.

Usidharau maneno madogo. Hapa watunga orodha wengi wanapotea, na wanaoumia ni wanafunzi. Mhadhiri akitamka "okay", mara nyingi amefunga hoja moja na anafungua nyingine. "So" yaweza kuleta hitimisho, au kumrudisha kwenye mada baada ya kuchepuka. "I mean" huashiria kwamba anajisahihisha au anafafanua. Asiyezijua ishara hizi ataandika mfano daftarini akidhani ndiyo hoja. Yaingize maneno hayo orodhani, na kando ya kila moja eleza kazi yake.

Pima msamiati wa mwanafunzi kabla ya kumpa orodha. Dang, Coxhead na Webb, katika orodha yao ya 2017 ya Kiingereza cha mazungumzo ya kitaaluma, waligawa familia 1,741 katika ngazi nne, kwa sababu mwenye maneno elfu moja haanzii alipo mwenye elfu tatu.

Usigawe orodha ya karatasi peke yake. Hili silegezi. Wanafunzi wetu wengi wamekisoma Kiingereza zaidi kuliko walivyokisikia, na Kiswahili kimewazoesha mkazo unaokaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huuhamisha: katika "economy" uko silabi ya pili, katika "economic" ya tatu. Kwenye orodha ya karatasi ni familia moja. Sikioni ni wageni wawili. Weka sauti ya kila umbo, itamkwe kwa kasi ya mhadhara, na usimhesabie mwanafunzi neno ambalo analitambua kwa macho tu.