Mdeki Mpya kwa Bunduki ya Kale

Katika jimbo la Pennsylvania, ambako tangu mwaka 1974 wawindaji wa kulungu wametengewa majira yao maalumu ya bunduki za gumegume, ile bunduki ndefu ya kushindilia mdomoni, iliyofuliwa katika karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Ujerumani huko Lancaster na vitongoji vyake, ingali chombo cha kazi wala si pambo la ukutani. Lakini bunduki huishi kuliko mdeki wake, yaani ule ufito wa kushindilia unaolala chini ya kasiba. Maswali haya ndiyo aghalabu humfikia fundi.

Nimepata bunduki ya kale isiyo na mdeki. Nianzie wapi?

Anza kwa kuidhania kuwa imejaa, hata kama aliyekuuzia amekula yamini kwamba ni tupu. Kwa maana bunduki ya kushindilia haifunguki nyuma ikakuonyesha yaliyomo, na baruti iliyokaa pakavu yaweza kulala humo miaka mia isipungukiwe na ghadhabu. Ondoa kwanza jiwe la gumegume katika mtambo, elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, wala usiuinamie. Kisha ingiza ufito wowote wa mti ulionyooka mpaka ukome, utie alama usawa wa mdomo, uutoe na kuulaza juu ya kasiba kwa nje, alama ikiwa palepale mdomoni. Ncha yake ikifika kwenye kifa, yaani lile tundu dogo la ubavuni lipitishalo moto, kasiba ni tupu. Ikikoma kabla ya hapo kwa inchi moja au mbili, mna kitu ndani, na bunduki hiyo ipeleke kwa fundi kabla hujawaza habari ya mdeki.

Kwa nini nisiweke mdeki wa chuma, ambao hauvunjiki?

Wapo waliouliza hivyo kabla yako, tena wenye majeshi. Leopold wa Anhalt-Dessau aliwapa askari wa Prussia mideki ya chuma mwanzoni mwa karne ya 18, na wanaosimulia vita vya Mollwitz vya mwaka 1741 huitaja mideki hiyo miongoni mwa sababu za askari wale kupiga kwa haraka kuliko Waaustria waliokuwa na mideki ya mti. Ila bunduki za askari wale zilikuwa laini ndani, na risasi yake ililegea katika kasiba. Ya mwindaji ina mifuo iliyojipinda, nayo ndiyo huizungusha risasi ikaenda sawa. Na sehemu ya mifuo iliyo mdomoni, ambayo ndiyo ya mwisho kuigusa risasi, ikilika upande mmoja kwa msuguano wa chuma kigumu, shabaha imekwenda. Huo wa nyuzi za kioo unaouzwa madukani siupendi vilevile, kwani vumbi la kioo hukwaruza kama msasa. Ukiwa kiwanjani kwa mazoezi, tumia ufito wa shaba ya manjano wenye kizibo cha kuuelekeza katikati ya mdomo. Lakini unaokaa chini ya kasiba na uwe wa mti.

Mti gani, na nitauchaguaje?

Wamarekani hutumia hikori, mti ule ule wa mipini ya mashoka, kwa kuwa hupinda sana kabla ya kuvunjika na hurudi ulivyokuwa. Hata hivyo jina la mti halitoshi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Ufito uliopasuliwa hufuata nyuzi za mti tangu mwanzo hata mwisho, ilhali uliokatwa kwa msumeno hufuata njia ya msumeno, na nyuzi zikawa zinaingia ubavu huu na kutokea ubavu wa pili. Kwa macho yote ni hikori, yote imenyooka, yote imepigwa msasa ikang'aa. Tofauti huonekana siku ya kuvunjika. Uliopasuliwa hupinda na kulia kabla ya kukatika, lakini wenye nyuzi za mshazari huachana ghafula kwa mpasuko mrefu mkali mfano wa kalamu ya mwanzi iliyochongwa, na mkono uliokuwa ukisukuma kwa nguvu zote hushuka juu ya ncha hiyo. Wamo watu waliotobolewa viganja namna hiyo.

Basi dukani usitosheke na kuutazama ufito kwa urefu kama anyooshaye mshale. Usogeze karibu na jicho, penye mwanga, ufuate mstari mmoja wa nyuzi kwa kidole. Ukiona mstari umetoroka ubavuni kabla ya kwenda futi moja, urudishe ufito huo rafuni, uchukue mwingine; na ukipekua yote usipate, rudi nyumbani mikono mitupu. Fito za duara za maduka ya mbao, zisizojulikana hata ni za mti gani, usizitazame kabisa.

Unene na urefu napimaje?

Bunduki yenyewe ndiyo itakayokuambia. Chini ya kasiba pana pete mbili au tatu, kisha pete ya mwisho iliyozama katika mti, na nyuma yake tundu linaloendelea kuelekea kwenye mtambo. Pima kila pete, ukubali amri ya iliyo nyembamba kuliko zote. Kwa kawaida kasiba za .32 na .36 huchukua ufito wa inchi 5/16, za .45 na .50 huchukua wa 3/8, na za .54 huweza kuchukua wa 7/16 iwapo pete zinaruhusu. Kwa urefu, ingiza waya mpaka mwisho wa tundu, utie alama mdomoni.

Nunua ufito wa unene wa kujaa upande wa mdomo, kisha uupunguze polepole kuelekea mkiani, ili uingie kwa wepesi na kubanwa kidogo mwishoni tu. Kwa kazi hii sioni chombo kinachokishinda kipande cha kioo kilichovunjika: ukikishika wima na kukivuta kufuata nyuzi, hutoa unyoya mwembamba wa mti, ilhali randa huwa na pupa. Geuza ufito kila baada ya mvuto, ujaribu katika pete mara kwa mara. Usilazimishe, mdeki ulioingizwa kwa kupigwapigwa hukwama ndani ya tundu, na kuutoa ni msiba mwingine.

Mwisho ujaribu ndani ya kasiba iliyo tupu. Ukifika chini na ukabaki mfupi wa kushikika, huo ni wa kushindilia tu, na wa kusafishia utafute mwingine.

Ncha ya shaba inashikizwa vipi?

Chonga mwisho wa ufito uingie katika kikombe cha shaba kwa kukaza, pasiwe na bega lililojitokeza, kwa kuwa bega hukwama katika pete. Tia gundi kali, uache ikauke usiku kucha. Lakini usiitegemee gundi peke yake. Siku risasi itakapokwama bila baruti nyuma yake, utaizungushia parafujo ya kutolea na kuvuta kwa nguvu, na ncha iliyogundishwa tu itabaki ndani pamoja na risasi. Funga ufito katika jiliwa lililotandikwa ngozi, toboa kwa keekee ndogo kutoka ubavu hata ubavu, pitisha msumari wa shaba, ukate, uponde vichwa vyake viwili taratibu, kisha usawazishe kwa tupa. Hesi ya ncha, 8-32 kwa mideki myembamba na 10-32 kwa minene, iwe sawa na ya vifaa ulivyo navyo.

Ni kweli kwamba mdeki hulowekwa katika mafuta ya taa?

Wako wazee waliofanya hivyo wakisema hulainisha mti, na sikatai kwamba walipata mideki mizuri. Nadhani walichagua mti mzuri kwanza. Mimi hupaka mafuta ya kitani mara kadhaa, na kufuta yaliyozidi. Mti uliofumbwa vinyweleo hauvimbi sana majira ya mvua ukang'ang'ania katika pete.

Kuna alama nitakazotia?

Mbili. Ya kwanza usawa wa mdomo kasiba ikiwa tupu, ya pili ikiwa imeshindiliwa kiasi chako cha baruti, kitambaa na risasi. Na ukibadili kiasi cha baruti, ya pili ifutwe itiwe nyingine. Alama ya pili isipofika mdomoni, risasi haijakaa juu ya baruti, nawe usifyatue, maana nafasi iliyobaki baina yao yaweza kuipasua kasiba. Na wakati wa kushindilia ushike mdeki shibiri moja tu juu ya mdomo, usukume, upandishe mkono, usukume tena.