Ushauri wa Ndoa Kundini: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Makanya ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Arusha, na watu wake wanajuana mpaka kwa mlio wa pikipiki. Siku hizi karibu kila simu ina kundi la WhatsApp la ushauri: la akina mama, la wanaume watupu, la mchanganyiko. Haya yashikwe.

Usiandike "kuna rafiki yangu ana tatizo." Ukishasema mume wa huyo rafiki anapakia jasi, ana pikipiki nyekundu na juzi alilala Hedaru, umebakiza kutaja namba yake ya NIDA tu. Badilisha kazi, badilisha mji, punguza watoto. Ukiona huwezi kulisema bila kumwanika mwenzako, usilipeleke huko kabisa.

Uliza swali moja. Anayemwaga ndoa nzima kwenye sauti ya dakika saba hatafuti ushauri, anatafuta mashahidi. (Wapare tumetaniwa vya kutosha kwamba tunauza ng'ombe ili kufuatilia kesi ya kuku. Tusifungue mahakama nyingine kwenye simu.)

Mshauri, usiseme "mwache" wala "mfukuze." Umesikia upande mmoja, tena usiku, na asubuhi watoto wakitaka uji hutakuwepo. Uliza kwanza kama wameongea, kama wazee wanajua. Shangazi aliyeko Suji, anayewafahamu wote wawili, ana uzito kuliko kundi zima.

Usimfuate inboksi mke wa mtu aliyelia kundini. Unajijua.

Usisambaze kanuni za Instagram kwamba mwanaume asiyetuma pesa kila wiki hafai. Huku tambarare vuli ikikosa, hakuna cha kutuma.

Usijifanye wakili. Uongo unaorudiwa kuliko wote ni kwamba mama wa nyumbani hana chake ndoa ikivunjika. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitapanya. Hilo nalo lisemwe. Anayetaja nusu ya kesi anapotosha. Na anayetaka talaka aambiwe kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri kwa kawaida hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ndipo lifike mahakamani. Wanakundi si baraza hilo, hata wakiwa wamekubaliana wote.

Kipigo hakijadiliwi. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anayeandika "labda ulimkera" atolewe kundini papo hapo. Anayepigwa aelekezwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama hana nauli ya kufika Same, achangiwe.

Usipige picha ya skrini. Ya kundi la akina mama yasisomwe kijiweni kwa bodaboda.

Na wewe uliyekwisha kuanika ya jirani, mfuate mlangoni kwake umwombe radhi. Usimtumie ujumbe.